Mkwe wa Lami

Mimi na Jacktone ni wanyumba: tumeoa ndugu wawili wa tumbo moja. Mimi nimemwoa Velma, mkubwa. Yeye amemwoa Faith, mdogo. Kwa hesabu yoyote ya heshima niko mbele yake. Hata shuleni nilikuwa mbele yake. Tulilala bweni moja, mimi kiranja, yeye kidato cha kwanza, na kila asubuhi nilipitisha kiganja juu ya blanketi lake kuona kama limenyooka. Halikunyooka hata siku moja.

Magari yetu pia ni ya aina moja: Toyota za kwendea kazini, zenye matumbo ya chini, ambazo nguvu zake zimo katika magurudumu ya mbele pekee. Langu hung'aa. Lake lina tope ambalo sidhani yeye mwenyewe anakumbuka alilipata wapi. Nani basi atanieleza kwa nini lake hufika hadi uani kwa mama mkwe wetu huko Mwakirunge, na langu huishia dukani, pale lami inapokoma?

Njia yenyewe si ndefu, ila ni mbaya: mifereji iliyochimbwa na mvua, mawe, kisha korongo la mchanga ambalo huna budi kulivuka. Tangu nioe nimekuwa nikiegesha dukani na kutembea, na wakati wa masika hutembea viatu mkononi. Jacktone, mtu wa bara ambaye alipofika Pwani hakujua hata kuitikia shikamoo, alilivuka korongo lile mara tu aliponunua gari. Siku hizi humchukua mama na magunia yake ya mihogo hadi sokoni Kongowea, akamrudisha mlangoni. Watoto wa pale nyumbani humwita mkwe wa mchanga. Mimi huniita mkwe wa lami. Jina hilo hakuna aliyeniambia, nililisikia mwenyewe nikikaribia ua, viatu mkononi.

Siku mbili kabla ya ubatizo wa mwanangu Ruwa, Jacktone alinipigia simu.

"Kiranja! Jumapili usijisumbue. Mama nitampitia kama kawaida."

Hiyo kawaida ndiyo iliyokuwa ikinila maini. Nilikwisha kuiona picha yote: kina mama wa kanisa letu la Magogoni wakipiga vigelegele, bibi wa mtoto akishuka, na mlango umeshikwa na Jacktone.

"Mtoto ni wangu," nikamwambia. "Bibi yake nitamleta mwenyewe."

"Na korongo?"

"Kwani korongo ni lako peke yako?"

Alicheka. "Haya. Ukifika, shuka kwanza, lipite kwa miguu ulisome. Halafu upepo wa tairi..."

"Tairi zangu ziko sawasawa," nikasema, nikakata.

Velma alikuwa amesimama mlangoni na mtoto begani. "Si ungemwacha amalize?"

"Shuleni yule alinisikiliza mimi. Hilo haligeuzwi leo."

"Ala! Mpaka leo unamkagulia kitanda?"

 Jumamosi nililiosha gari, nikaenda kujaza upepo hadi tairi zikawa ngumu kama mawe. Kwangu mimi, tairi lililolegea ni sawa na shati lililotoka nje ya suruali.

Jumapili asubuhi Jacktone alimleta Faith kwetu abaki na mtoto. Mimi na Velma tukatoka. Velma alikuwa hana budi kuwapo, kwa maana mama mkwe wetu anashika desturi ya watu wetu: hasemi na mkwe uso kwa uso, wala haketi ubavuni pake. Maneno hupitia kwa binti.

Kwenda hakukunishinda. Mara mbili jiwe lilikwaruza tumbo la gari nikahisi limenikwaruza mimi, lakini korongoni njia huteremka kutoka upande huo, na gari likajitelezea lenyewe hadi ng'ambo. Nilipoingia uani watoto walinyamaza kwanza. Kisha mmoja akapiga kelele: "Mkwe wa lami kaja na gari!" Nakiri nilishuka polepole kuliko ilivyohitajika.

Mama alitoka amevaa gauni lake jeupe la kanisani, akaketi nyuma. Katika gari la Jacktone pia huketi nyuma, ila nimeambiwa kwamba humo huimba nyimbo za kanisa njia nzima. Katika langu alikaa kimya.

Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi. Korongoni sasa tulikuwa tunapanda. Katikati ya mchanga magurudumu yakaanza kuzunguka bure. Nikakanyaga mafuta. Kadiri nilivyokanyaga ndivyo gari lilivyojizika.

"Velma," sauti ikatoka nyuma yangu, "mwambie mumeo asikanyage. Mwenzake hakanyagi."

"Mama anasema usikanyage."

"Nimesikia."

"Mwambie mwenzake akifika hapa hushuka kwanza akaangalia."

"Mama anasema..."

"Nimesikia, Velma! Tumo gari moja!"

Nilishuka. Mchanga ulikuwa umemeza nusu ya magurudumu ya mbele. Nilitoa simu. Jacktone angekuja mbio, angempakia mama, na mimi ningeachwa na gari langu safi korongoni huku mwanangu akibatizwa.

"Velma, mwambie mwenzake hutoa upepo."

Neno lile mwenzake lilinichoma kuliko jua. Lakini nililipima jambo lenyewe. Nikimwita Jacktone, nimeshindwa, na mama ataondoka naye. Nikifuata njia ya Jacktone, nimeshindwa vilevile, ila mama atabaki katika gari langu. Nikarudisha simu mfukoni, nikapiga magoti na suruali yangu ya Jumapili, nikabonyeza pua ya tairi kwa ncha ya ufunguo. Upepo ukatoka ukinizomea.

"Mwambie basi, inatosha. Za mwenzake huvimba kidogo tu, kama shavu la mtu anayetafuna."

Nilizilegeza zote nne. Nikafukua mchanga kwa mikono, nikatandika makuti mbele ya magurudumu. Kisha, kwa kuwa sikuwa na heshima nyingine ya kupoteza, nikaipita njia kwa miguu hadi juu na kurudi. Niliona sasa kwamba tuta la katikati ya mifereji lilikuwa gumu. Velma akasimama juu akinionyesha kwa mkono. Nikaweka gia ya chini, nikagusa mafuta kidogo tu, nikapandisha gurudumu la kushoto juu ya tuta, wala sikusimama popote. Gari likanyanyuka kama mtu anayetoka majini.

Tulipofika juu, mama akaanza kuimba. Nikamfungulia Velma mlango, tukaendelea.

Dukani, Jacktone alikuwa ameegemea gari lake na pampu mkononi.

"Kiranja! Umetoa upepo!" Laiti angenicheka. Alikuwa amefurahi kwelikweli. "Nilijua huna pampu. Ukienda mbio kwenye lami na tairi hizo utazichana." Halafu, kwa mazoea tu, akafungua mlango wake wa nyuma. "Mama, karibu huku, twende. Gari hili liko tayari."

 Mama aliutazama ule mlango. Mimi niliutazama mchanga uliojaa kwenye viatu vyangu.

"Velma," akasema, "waambie wote wawili mimi nimeshakaa. Wajaze upepo twende, mtoto anangoja."

Tukapiga magoti pamoja, kiranja na kidato cha kwanza. Alijaza matairi matatu. La nne nilimnyang'anya mpira wa pampu mkononi.

Kanisani niliushika mlango mimi, na vigelegele vikapigwa kama nilivyotaka. Mama akashuka, akamkumbatia Faith aliyekuwa akingoja na mtoto, akasema kwa sauti ya kusikiwa na benchi zote: "Mumeo kamfundisha vizuri. Anakaribia kuwa kama mwenzake."

Gari sijaliosha hadi leo. Pampu nimenunua, ni kubwa kuliko yake.