Tuta la Baba Mkwe

Mwaka wa mvua za Elinino nilikuwa na miaka mitano kwenye ndoa, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumwambia baba mkwe wangu hata shikamoo. Hatukuwa na ugomvi. Ndivyo nilivyofunzwa: mke wa mtoto hasemi na baba wa mumewe, hamtazami usoni, hataji jina lake, na akimwona anakuja anaacha njia na kujibanza kwenye majani mpaka apite. Nyumba nyingi za Wandali wa bondeni zilikuwa zimeshaanza kulegeza. Kwa Asajile hakukulegea kitu, si mila, si uzio, si mpini wa jembe. Nami nilikuwa mkwe mwema. Nilisifiwa kwa hilo mpaka kanisani, na sifa zenyewe nilizipenda, sitaki kudanganya.

Asajile ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya tuta. Kijiji chetu kilikuwa chini ya milima ya Ileje, mto Songwe mbele yetu na Malawi ng'ambo. Kila masika mto ulikuwa unameza mashamba, basi tukainua tuta kwa mikono yetu, udongo na matete na viroba vya mchanga. Viroba vitupu alituletea mume wangu, Lusubilo, aliyekuwa anapakia malori Tunduma. Elinino ilimkuta huko huko, barabara imekatika, na mimi nikabaki na mtoto wetu Osea, wa miaka minne, na mama mkwe wangu Tusekile, aliyekuwa na nyonga mbovu.

Tuta lilikuwa na pengo moja tu, pale kijito kinachoshuka kutoka mlimani kilipoingilia mtoni. Mto ulipoanza kupanda, Asajile aliamuru pengo lizibwe, na likazibwa barabara, viroba juu ya viroba, mpaka watu wakapeana mikono kwa furaha. Kijito chenyewe kitapita wapi, hakuna aliyeuliza. Tulikuwa watu zaidi ya mia pale. Hata mimi sikuuliza.

Siku ya tatu tulikuwa wote juu ya tuta tangu alfajiri. Wanaume walipanga viroba, wanawake tulibeba mchanga kichwani, na macho ya kila mtu yalikuwa mtoni. Mto ulikuwa umebeba migomba, mapaa ya nyumba za watu, ng'ombe aliyekufa. Ukiona vitu hivyo huwezi kutazama pengine. Mimi niligeuka kwa sababu tu kilemba kililegea nikataka kukifunga nikiwa nimeupa upepo kisogo.

Nikaona ziwa.

Kijito kilikuwa kimejaa kimya kimya nyuma yetu. Mashamba hayakuwepo. Nyumba saba za upande wa chini zilikuwa ndani ya maji, watoto wamepanda mapaani, na yetu ndiyo ilikuwa chini kuliko zote, maji yako madirishani. Kwenye tundu la ukuta wa juu, chini ya bati, niliona mkono wa Tusekile ukipunga kanga. Alikuwa amejikokota mpaka darini na mwanangu. Kati yangu na wao palikuwa na maji yasiyo na mwisho, na katika sisi hapakuwa na mtu anayejua kuogelea.

Tena nikaona jambo la pili. Upande wa mto, maji yalikuwa chini ya ukingo wa tuta kwa urefu wa mkono mzima. Upande wa nyumba zetu yalikuwa chini kwa shubiri moja. Ndani kulikuwa juu kuliko nje. Tuta lile tulilolilinda kama mboni ya jicho ndilo lililokuwa linatuzamisha, na pengo likifunguliwa, maji yangetoka wala yasingeingia. Na ilitakiwa haraka, kwa sababu nyumba ile ilikuwa ya matofali mabichi. Tofali bichi linavumilia mvua, lakini likilala majini linarudi kuwa tope.

Asajile alikuwa hatua ishirini kutoka nilipokuwa. Ningeweza kumtupia kokoto ikamfikia.

Nilimtafuta mtu wa kunisemea.

Nilimshika Damiano, msaidizi wake kwenye kamati, mtu wa maneno mengi. Nikamwonyesha. Alitazama, akasema mwanamke akichoka huona mengi, lakini akaenda. Alivyofikisha ujumbe sijui. Jibu lililorudi ni kwamba anayetaka tuta likatwe akaishi Malawi. Basi nikakimbia kumtafuta shangazi Tabita, dada yake Asajile, ambaye yeye aliruhusiwa kumwambia lolote. Alikuwa mwisho kabisa wa tuta, na tuta lilikuwa refu, utelezi, watu wamejaa. Nilimpata, nikamweleza, tukarudi kwa mwendo wa mtu mzima mwenye magoti mabaya. Nyuma ya bega langu ile kanga ilikuwa bado inapunga. Tabita alimwita kaka yake mara mbili. Asajile, bila kugeuza kichwa, alisema mto uko huku.

Nilisimama pale nikilia. Nilijua ninachotakiwa kufanya tangu mwanzo, na nilikuwa naona haya. Mtoto wangu anazama, mimi naona haya! Leo nikikumbuka natamani kujipiga makofi.

Nikashuka mpaka mbele yake, nikamtazama usoni.

"Asajile," nikasema. "Geuka uone nyumba yako. Mkeo yuko darini na mwanangu. Si mto unaotuua. Ni kijito tulichokiziba."

Watu waliacha kazi. Mwanamke mmoja aliziba mdomo kwa mkono. Asajile alinitazama kama mtu aliyeamshwa usingizini, na wala hakukasirika. Aligeuka. Alitazama nyumba, akatazama maji ya huku, akatazama maji ya kule, na nikaona anapima kama nilivyopima, mkono na shubiri. Akachukua jembe la kwanza yeye mwenyewe.

Pengo lilipofunguka maji yalitoka kwa mngurumo, yakabomoa na kipande cha tuta huku na huku. Hatukujali. Ndani maji yalishuka mpaka kiunoni, mpaka magotini, na sisi wawili tukayaingia, mkwe na baba mkwe bega kwa bega, tukianguka na kuinuka. Tusekile alimshusha Osea kupitia lile tundu, akimshika mkono mmoja. Nikampokea. Nikasikia mama mkwe wangu anacheka juu kule, ananiambia nimtoe mtoto kwenye baridi, yeye atamsubiri mzee wake.

Maji yalikuwa chini ya magoti. Asajile alikuwa amefika mlangoni. Nyumba ikakaa chini. Haikuanguka kwa kishindo, kuta zilifumuka tu pale chini zilipolowa, na bati na dari na magunia ya mahindi vikashuka juu ya Tusekile.

Tulianza kufukua kwa mikono, watu kama kumi. Ndipo kelele zikatoka kwenye tuta. Mvua iliyokuwa inapiga Ibaba, kule juu milimani, tangu asubuhi ilikuwa imefika mtoni. Songwe ulikuwa unapanda tena, na pengo sasa lilikuwa pana mara tatu, na maji yalikuwa yameanza kugeuka, yanaingia. Kwenye zile nyumba sita nyingine bado kulikuwa na watoto juu ya mapaa.

Asajile aliinua kichwa. Alikuwa ametapakaa tope mpaka kwenye kope.

"Nendeni mkazibe," akasema. "Wote."

Watu wakatazamana. Hakuna aliyeondoka. Akanigeukia mimi, na kwa mara ya kwanza akanitaja jina.

"Tupokigwe, wachukue. Watakufuata."

"Na mama?"

"Mama ni wangu. Wale watoto ni wa watu."

Nikaenda. Nilimfunga Osea mgongoni nikaenda, na wale kumi wakanifuata, na Damiano akaingia majini mpaka shingoni kushika viroba vya chini. Tulitupa kila kitu kwenye lile pengo, mchanga, migomba, milango, kitanda cha mtu. Sikugeuka nyuma. Nilijua nikigeuka nitarudi, na nikirudi watarudi wote. Kila kiroba nilichobeba nilikihesabu kuwa ni tofali ambalo sikulitoa juu ya mama.

Pengo lilizibika kabla ya giza. Kijito tulikiachia upenyo mdogo, na wale watoto walishushwa wote wazima, na mama zao walinishika mikono wakinishukuru. Nilijitoa kwao nikakimbia.

Asajile alikuwa ameshamtoa. Amemlaza juu ya bati, amemfunika kwa koti lake mpaka usoni, na mikono yake mwenyewe haikuwa na kucha. Nilipiga magoti, nikaingiza mkono chini ya koti, kwapani kwa mama mkwe wangu.

Alikuwa bado ana joto.