Kadi Iliyochelewa Kuliko Mto

"Dakika kumi na nne," alisema Kalaivani, akisogeza kando sahani yake ya wali. "Bila kadi, tisa. Nimeipima programu ya mafuriko mara tatu, dada Gaik Sim."

Nje ya kantini ya kampuni yetu ya kompyuta, huko Bayan Lepas, mvua ilikuwa ikimwagika. Miaka sita imepita, na bado naona aibu kwa nilichomjibu.

"Umekaa nyumbani miaka kumi na mitatu unalea watoto, leo ndio uje kunifundisha kompaila?"

Alikuwa na wiki tatu tu kazini. Mimi nilikuwa nimetumia miezi minane kuandika kile tulichokiita mkia wa kompaila, ile programu inayotafsiri maandishi ya mtu kuwa lugha ya mashine: mkia ndio sehemu inayoamua hesabu zipi zibaki kwenye prosesa, ubongo wa kompyuta, na zipi zipelekwe kwenye kadi, mashine ya pembeni yenye kasi ya ajabu. Kanuni yangu ilikuwa moja, tena ya majivuno: kila hesabu kubwa iende kwenye kadi.

Siku tisa baadaye watu wa idara ya mto Muda wangekuja kuona programu yao ya kutabiri mafuriko. Walitaka jibu kila baada ya dakika kumi. Mto haungetungoja.

Kalaivani hakukasirika. Alijifuta vidole taratibu.

"Huko nyumbani sikwenda sokoni mara tisa kwa siku, dada. Kitunguu, narudi. Chumvi, narudi. Ningepika saa ngapi?"

Nilinyanyuka bila kumaliza chakula. Mezani kwangu nilipima mwenyewe, nikiomba awe amekosea. Katika zile dakika kumi na nne, kadi ilihesabu kwa dakika tatu tu. Kumi na moja ziliishia njiani: namba zinapelekwa, zinarudishwa, zinapelekwa tena.

Nikaenda kwa Bwana Hisyam, mkuu wetu.

"Kanuni yangu ya kadi ina kosa. Nataka kufuta kazi yangu."

"Yote?"

"Ya miezi mitano. Mitatu iliyobaki inafaa."

Alinitazama, akavua miwani. "Kosa hilo umeligundua wewe?"

Ningeweza kuitikia. "Kalaivani," nikasema.

Tulianza upya, bega kwa bega. Sasa kompaila ilipima kwanza gharama ya safari ya namba hadi kwenye kadi. Hesabu ndogo zilibaki zilipo. Zilizofuatana zilifungwa pamoja, na namba zikakaa kwenye kadi mpaka kazi yote iishe. Siku ya sita majibu yalitoka yakionyesha mto unapanda mlima. Kalaivani akacheka hadi machozi, ndipo akaliona kosa, nalo lilikuwa langu.

Siku ya maonyesho programu ilichukua dakika mbili na sekunde arobaini. Ofisa wa mto, mzee asiye na maneno mengi, aliangalia skrini, kisha saa yake.

"Rudieni," akasema.

Tukarudia. Zikawa zile zile.

Novemba iliyofuata shangazi yangu anayeishi Kedah, kando ya mto, alinipigia simu kwa hasira.

"Meseji ya idara ya mto imeingia saa nane mchana, maji yanakuja! Nikapandisha kuku wote chumbani juu. Maji yamefika jioni. Sasa haya mashuka waliyoyachafua nani atayafua?"

"Kuku wazima?"

"Wazima, wanakula mto wangu wa kulalia!"

"Nakuja Jumamosi, shangazi," nikamwambia. "Nitafua mimi."