Kipande cha Sabuni Chini ya Tanki

Theonest aliitwa mwizi mchana kweupe, mbele ya wanachama wote, kwenye baraza la ofisi ya kikundi chetu cha wakulima hapa Nyakisasa. Aliyemwita ni mwenyekiti, Ansbert. Eti pikapu ya kikundi ikipeleka maharage Ngara, petroli inapungua kuliko safari yenyewe. Dereva anauza. Na asubuhi gari haliwaki mpaka lisukumwe.

"Nimetandika kadibodi chini yake tangu jana," alisema Ansbert. "Tone liko wapi?"

Kadibodi ilikuwa kavu. Watu wakaguna.

Nilinyoosha mkono. "Mzee, hapa limeinamisha pua. Ngara iko mlimani. Tuligeuze litazame juu."

"Fundi wa baiskeli huyo," alisema Ansbert, wakacheka. Lakini waligeuza, maana kulisukuma wamezoea.

Dakika tano hazikuisha. Petroli ikaanza kudondoka nyuma, pale mpira wa mafuta unapotokea kwenye tanki. Niliingia chini. Mpira una ufa, na juu ya ufa kuna mabaki ya sabuni ya kufulia, yameliwa na mvua.

Nikawaeleza. Likipanda mlima, mafuta yanakimbilia nyuma na kumwagika. Likilala pua chini, hewa inaingia kwa ufa huohuo, mafuta ya kwenye mpira yanarudi tankini, asubuhi pampu inavuta upepo. Ugonjwa ni mmoja. Mwizi hakuna.

"Sabuni aliiweka nani?" aliuliza Ansbert.

"Theonest. Ulimwagiza wewe," nilimjibu.

Ilikuwa Jumanne, mwaka juzi, wiki ya kupanda maharage, nami nilikuwepo. Theonest alisimama palepale, kofia mkononi: Shikamoo mwenyekiti, mpira umepasuka, tununue mwingine. Ansbert akaitikia marahaba, akasema, "Sabuni inatosha. Mwambie Deodata akukatie." Deodata, katibu wetu, akamkatia kwa kisu cha kumenyea ndizi. Kisu chenye mpini wa kamba.

Deodata alifungua daftari la vikao, akalifunga. "Halikuandikwa," alisema, macho chini.

"Na kisu chako hukikumbuki?" nilimuuliza.

Alilibana daftari kwapani.

"Haya, si mwizi," alisema Ansbert, kama anayegawa zawadi. "Ni mzembe. Miaka miwili anaendesha gari linalovuja. Tupige kula."

Kwetu l na r ni ndugu, hatuchekani. Ila siku ile mama mmoja nyuma alisema taratibu, "Kula mmeshakula, baba. Pigeni kura."

Mikono ya kumwondoa iliinuka. Niliihesabu, na wenye mikono hiyo nawajua. Wawili kati yao Theonest aliwahi kuwapeleka hospitali kwa gari hilohilo. Ufunguo akapewa Clever, mkwe wa Ansbert, ambaye hata boneti hajui inafungukia wapi.

Theonest hakubishana. Aliwaomba walirudishe gari pua chini, kisha akamwomba Deodata sabuni. Safari hii Deodata alileta mche mzima. Theonest akalala kwenye vumbi, akaukausha mpira kwa shati lake, akasugua sabuni kwenye ufa mpaka ukaziba. Akatoka, akampa Clever mche uliobaki.

"Mvua ikinyesha, rudia," alimwambia. "Ijumaa unapakia watu, siyo maharage."

"Na wakiniita mwizi?" Clever aliuliza, anacheka.

Theonest alijipangusa magoti. "Wewe? Wewe watakununulia mpira."

Kabla mwezi haujaisha, mpira mpya ulinunuliwa. Hilo Deodata aliliandika.