Unene wa Ubao

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa mbele siku ya Ijumaa: "Wakazi wote wanaarifiwa kwamba ngazi za baraza hazitatumika kesho na keshokutwa kwa sababu ya matengenezo. Mlango wa jikoni utatosha." Wakazi wote walikuwa wawili, na mmoja wao, karani wa masjala, ndiye aliyelibandika. Mkewe, mwalimu, alilisoma akiwa amekumbatia madaftari ya wanafunzi.

"Si ungemwita tu jirani? Useremala ndiyo kazi yake."

"Jirani ana shughuli nyingi."

"Mbona jana kasema hana kazi wiki nzima?"

"Na wewe umeyajuaje ya wiki yake nzima?"

Swali hilo ndilo lililokuwa msingi wa mradi. Mbao za ngazi zilikuwa zimelika katikati kama sabuni ya kufulia, na kwa miezi miwili, kila asubuhi, seremala alikuwa akiuweka chini msumeno wake, akivuka ua na kumpa mwalimu mkono. "Taratibu, shemeji." Karani, nyuma ya pazia, alikuwa amehesabu: mkono ulishikwa kwa vidato vitatu, kisha kwa hatua nne za ardhi tambarare. Na vidato hakuwa na ugomvi. Hatua nne ndizo zilizomkaa kooni.

Hoja yake ilikuwa nyepesi: ngazi nzima haihitaji mkono wa mtu. Kama hoja nyingi za waume, ilikuwa na mantiki na haikuwa na ushahidi.

Alipima kutoka ardhini hadi sakafu ya baraza, akapata sentimita sabini na mbili. Akagawa kwa nne, yaani vidato vitatu na sakafu yenyewe: kumi na nane kila kimo, bila baki. Akachonga meno katika mbao mbili za ubavuni, sawasawa kama mistari ya leja, na juu ya meno hayo akapigilia mbao mpya za kukanyagia, nene, za sentimita nne. Jumapili mchana alizikanyaga mwenyewe mara kumi na moja. Kwa kuwa alizipenda, hakuona kitu.

Jumatatu mwalimu alishuka, karani akitazama kutoka barazani. Kidato cha juu kilimjia mapema mno. Cha chini kilimwacha akiitafuta ardhi kwa ncha ya kiatu. Mkono ulikuwa tayari pale.

"Pole, shemeji." Seremala alichutama, akaweka vidole ubaoni, mkono wa pili ukiwa bado kazini. "Bwana karani, kazi safi. Ila umesahau unene wa ubao. Juu pamepungua vidole viwili, na chini vimeongezeka viwili."

"Hakuna kilichoongezeka."

"Njoo upime, kaka."

"Nimeshapima."

Mwalimu alicheka kicheko ambacho karani hakukumbuka kukisikia mezani kwake. "Mume wangu, si mbao za ubavuni zikatwe tu huko chini? Mwenzio anao msumeno, ni kazi ya nusu saa."

"Nani kaomba msumeno?"

"Sijauleta bado," alisema seremala kwa adabu, wala hakuuachia mkono.

Karani aliingia ndani, akatoka na karatasi yenye mhuri, akaisoma akiwa amesimama wima barazani:

"Kuanzia leo, kwa madhumuni yote ya nyumba hii, kidato cha chini kinatambuliwa kuwa na kimo cha sentimita kumi na nane."