Chini ya Jeneza la Wiryo

Wiryo alichagua siku mbaya ya kufa. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya uhuru, na vijana wa kijiji walikuwa uwanjani wakipaka mafuta nguzo ya mchezo wa kupanda. Kila ua ulikuwa na bendera, hata wa kwake, maana kutopandisha bendera ni kosa, na kwa mtu aliyetoka gerezani ni kosa mara mbili. Mkewe Tukinem aliitazama ile nyekundu na nyeupe ikipepea, akaona uchungu. Mumewe alipokuwa kijana alipanda paa la kiwanda cha sukari, akaichana bendera ya Waholanzi, utepe wa buluu akautupa chini, zikabaki hizo mbili. Watu walishangilia mpaka sauti zikawakauka. Leo watu hao hao walipita mbele ya nyumba yake wakitazama vidole vya miguu yao.

Kosa lake? Uhuru ulipopatikana alidai mashamba ya kiwanda wapewe wakulima. Waholanzi hawakuwahi kumfunga. Serikali aliyoipigania ndiyo iliyomfunga miaka kumi na tatu bila kesi, kwa jina la mkomunisti, na ilipomwachia ikampigia alama kwenye kitambulisho, yeye na uzao wake. Mtoto wa mtu wa namna hiyo hafundishi shule, hapati hata kazi ya kufagia ofisi. Ndiyo maana mumewe alipokamatwa, Tukinem alimpeleka mwanawe Pambudi mjini kwa dada yake, akapewa jina jingine na baba mwingine. Kijijini akatangaza kwamba mtoto kafa kwa homa. Alimlilia kweli, wala hakuhitaji kuigiza. Sasa Pambudi alikuwa mwalimu, na huko mjini walimjua kwa jina la Hendarto.

Asubuhi hiyo Tukinem alimpelekea mwanawe habari kupitia dereva wa lori la miwa. Alitaka jambo moja tu. Kwao, kabla jeneza halijatoka uani, wabebaji huliinua juu, na watoto wa marehemu hupita chini yake mara tatu. Baba asiyepitiwa ni kama hakuzaa. Wiryo mwenyewe, pumzi zikimwisha, alisema, "Pambudi apite. Hata mara moja."

Lakini jeneza halijibebi, na majirani wote ghafla walikuwa na migongo mibovu. Tukinem akaenda kwa Partono, mkuu wa kijiji, akamkuta barazani akifunga zawadi za mchezo.

"Shemeji, vijana nitakupa," Partono alisema kabla hajaulizwa. "Ila azikwe kabla ya saa kumi. Wakubwa wa wilaya wanakuja kukagua uwanja."

"Na wewe utamsindikiza?"

"Nitakuja. Lazima nijue nani kafika."

"Partono, mguu huo uliopigwa risasi vitani, nani aliuvusha mto mgongoni?"

"Unadhani nimesahau? Nakumbuka kila nikivaa suruali." Alikaza kamba kwa meno. "Mwingine angekwambia umzike kwa mkokoteni. Nenda, shemeji."

Saa tisa vijana wakaja, mikono bado ina mafuta ya nguzo, wakitaniana nani ataangusha mzigo. Tukinem hakuwasikia. Langoni alikuwa amesimama kijana wa shati la kahawia, na paji lake la uso lilikuwa la Wiryo, wala mtu asingehitaji kuambiwa. Amekuja!

Jeneza likainuliwa. Imamu akauliza, "Watoto wa marehemu wako wapi?"

Pambudi akapiga hatua moja, kisha ya pili. Machozi yalikuwa yakimtiririka waziwazi. Mjinga, mama yake aliwaza. Nyuma ya Tukinem, Partono akakohoa.

"Bi Tukinem," aliita kwa sauti ya ofisi, watu wote wakisikia, "yule kijana ni nani?"

Alichokuwa anakitamani kilikuwa hatua nne mbele yake. Tukinem alimtazama mwanawe, akaona ubao, chaki, mke, na mjukuu ambaye hajawahi kumbeba.

"Simjui," alisema. Kisha akapaza sauti, "Wewe! Pisha njia! Huoni watu wana msiba? Mnakuja kushangaa misiba ya watu kama mnaangalia sinema!"

Pambudi alisimama kama aliyepigwa kofi. Taratibu akarudi nyuma mpaka ukutani. Tukinem akainama, akapita chini ya jeneza peke yake, mara tatu, mgongo ukimuuma, na vijana wakalishusha mabegani wakaondoka haraka.

Baada ya mazishi, watu walipokuwa wakipeana mikono ya rambirambi, kijana naye alipanga mstari. "Pole, bibi," alisema. Mkono wake haukutaka kuachia. Tukinem akauchomoa.

"Asante. Nenda, lori la jioni litakuacha."

Alipokwisha kupotea barabarani, Partono alimsogelea akichechemea. Sauti ya ofisi haikuwapo tena.

"Sikuona kitu, shemeji. Lakini mimi sitakuwa mkuu milele. Mtumie habari asirudi tena. Hata siku utakapokufa wewe."

Hilo Tukinem alikuwa hajalifikiria.