Upindo wa Suruali ya Baba

Magurudumu ya ndege yalikuwa karibu kabisa kugusa lami. Sindano aliona nyasi zilizolazwa na upepo, akaona taa za pembeni zikija mbio, akaona hata dimbwi la maji na gari dogo la njano limesimama kando yake. Mara injini zikanguruma, pua ikainuka, mgongo wake ukabanwa kwenye kiti. Nyasi zikapotea. Dirishani likabaki wingu tupu.

Watu wakapiga kelele. Mama mmoja wa mbele akaita watoto wake wote, hata yule ambaye hakusafiri naye. Mtoto akatapika. Mwanamume aliyekaa pembeni ya Sindano, muuza vipuri vya magari mwenye tumbo lililoujaza mkanda wote, alimshika mkono bila kuomba ruhusa.

"Tumekwisha," alisema. "Dada yangu, tumekwisha."

Sindano aliutazama mkono wake ndani ya ule wa mwenzake kama anayetazama kitu kilichosahaulika mezani. Tangu jana kaka yake alipopiga simu akasema, "Mzee katutoka," hakuna kitu kilichomfika. Chai ilikuwa maji ya moto. Pole za wenzake wa kibanda cha ushonaji zilipita sikioni zikaenda zao. Kaka mtu alisema mazishi ni leo jioni, akamkatia tiketi, naye akapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani kama anayepanda ngazi za kwao.

Jina hilo la Sindano alipewa na baba yake, kwa sababu ya wembamba na kwa sababu alikuwa anaingia chumbani, anatoka, wala mtu hajui. Baba mwenyewe alikuwa fundi cherehani. Mtoto alipoacha shule kabla ya kumaliza la sita, mzee hakugomba. Alimsogezea kiti, akampa vitambaa vya kufumua.

Sauti ya rubani ikatoka juu. Upepo umemgeukia, alisema, kwa hiyo anazunguka na kujaribu tena. Ikishindikana, wataenda kutua mji mwingine na kulala huko.

Hapo ndipo Sindano alipofungua mfuko uliokuwa mapajani. Ndani mlikuwa na suti ya kijivu. Koti lilikuwa limekwisha, vifungo na vyote. Suruali haikuwa na upindo. Mzee aliiagiza mwenyewe siku nyingi, akasema ndiyo atakayozikwa nayo, wakacheka. Sindano akaacha miguu ikining'inia nyuzi, kwa kuwa alifundishwa hivyo: suruali haikunjwi mpaka mwenyewe asimame ndani yake. Basi alikuwa anamsubiri mwenyewe asimame.

Mkasi ulikuwa umezuiwa kule kwenye ukaguzi. Sindano ya kushonea na uzi vilipita. Akaitandaza suruali mapajani, kiuno kikielekea tumboni kwake, akaanza kukunja.

Muuza vipuri alimwangalia. Akaangalia dirishani, akamwangalia tena.

"Dada, sisi tunakufa, wewe unashona?"

"Nashona."

"Ya nani?"

"Ya baba."

"Huyo mzee ana bahati. Mimi wangu wa kike hawezi hata kunishonea kifungo. Ataipenda?"

Sindano akavuta uzi. "Alichagua kitambaa mwenyewe."

Ndege iliyumba, ikashuka ghafla kama kiti kilichovunjika mguu, watu wakaita tena. Mkono wa Sindano haukutetemeka. Sindano iliingia, ikatoka. Mguu mmoja aliukunja zaidi, upana wa vidole viwili, kwa sababu mguu wa kushoto wa baba ulikuwa mfupi. Mtaa mzima haukujua. Mzee alijishonea suruali zote maisha yake yote, akajiwekea soli ndani ya kiatu, akatembea polepole kama tajiri. Macho yalipofifia ndipo alipomwambia binti yake, naye binti akawa anampigia magoti mbele, akimpima, mguu mfupi ukiwa daima upande wa mkono wa kulia wa binti.

"Lakini kwa nini asitue?" muuza vipuri alilalamika. "Ardhi ile pale! Nimeiona kwa macho yangu!"

"Ameona haijakaa sawa," Sindano alisema. "Akafumua."

"Akafumua?"

"Ukilazimisha, inakwenda upande."

Yule bwana akatafakari, akajifuta jasho. "Haya. Afumue. Ila asifumue sana, petroli siyo uzi."

Mhudumu alipita akishikilia viti, akamwambia, "Dada, sindano hiyo tafadhali, tunashuka." Sindano akakata uzi kwa meno, akachomeka sindano kwenye ukosi wa blauzi, mahali mafundi wanapoichomeka. Nyasi zikaja tena, na lile gari la njano. Alilitazama. Aliwaza kwamba likipotea tena, watamzika baba na ile suti ya zamani ya kahawia, na yeye atakuwa hotelini mji asioujua, na suruali mapajani. Aliwaza hivyo kama anavyowaza mtu habari za jirani.

Magurudumu yakapiga chini kwa kishindo. Watu wakapiga makofi, wakacheka, wakalia. Muuza vipuri, aliyekuwa ameushika tena mkono wa Sindano, akauachia, akamnyooshea kidole shingoni: tone la damu. Sindano ya ukosini ilikuwa imemchoma, naye hakuwa amesikia.

"Msalimie mzee," alimwambia wakiagana.

"Nitamsalimia," alisema.

Kaka yake alikuwa mlangoni na gari la kuazima. Hawakukumbatiana. "Twende, Sindano. Nimewaambia wasimvalishe mpaka ufike. Baba mdogo ananitafuna tangu mchana."

Nyumbani uani palijaa. Alivua viatu, akapita katikati ya watu, akaingia chumbani. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na kichwa cha kitanda. Baba mdogo alisimama na saa yake mkononi. Baba alikuwa kitandani chini ya shuka, na miguu yake ilichungulia, wa kushoto ukiishia kabla ya mwenzake, wazi kabisa.

Sindano akaitandaza suruali kando yake.

Akasimama hapo. Mguu alioufupisha ulikuwa wa kulia. Ndege ilipokuwa inazunguka alikuwa ameufuata mkono wake wa kulia, kama mzee yuko mbele yake amesimama. Kumbe suruali ilikuwa imelala mapajani kwake, kiuno kwake, kama ni yeye aliyeivaa. Hakukuwa na mtu mbele yake.

"Nini tena?" baba mdogo aliuliza. "Tumvalishe."

"Nimekosea mguu."

"Mguu gani? Nani atamchungulia miguu, mwanangu? Watu wako juani, kaburi liko wazi. Mvalisheni."

"Nifumue," Sindano alisema. Hakuna aliyewahi kumsikia akiongea kwa sauti hiyo.

"Jamani, huyu mtoto..."

"Shemeji," mama alisema bila kuinua kichwa. "Kaa chini."

Baba mdogo akatafuta pa kukaa. Hapakuwa na kiti, akaketi juu ya sanduku.

Sindano akapiga magoti miguuni pa kitanda, mbele ya baba, mahali pake pa siku zote. Mguu mfupi ukawa upande wa mkono wake wa kulia. Alifumua kwa meno, nyuzi zikibaki mdomoni. Alikunja upya, akapima kwa vidole viwili, akachukua sindano kutoka kwenye ukosi. Akaulowesha uzi kwa ulimi, akausogeza kwenye tundu.

Ukapita pembeni. Akausogeza tena, ukapita pembeni. Akatazama mikono yake. Ilikuwa inatetemeka yote miwili, mpaka kwenye viwiko, na hakuwa na namna ya kuizuia.

Mama akanyoosha mkono. "Lete," alisema.

Akautunga uzi kwa jaribio la kwanza, akamrudishia.