Chupa ya Bilulu

Wewe ulitazama pembeni. Usikatae. Siku zile watu walipokaa juu ya masanduku yao kwenye stesheni ya Kolwezi, wakingoja treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini, ulipita pale na ghafla ukaona kamba ya kiatu chako imelegea. Uliinama, ukahangaika nayo mpaka ukawa umeshapita. Haya, kiatu kimefungwa. Sasa sikiliza habari za Kalumba, maana naye alikuwa na kiatu kama chako.

Kalumba alikuwa fundi wa maabara ya kampani ya migodi, mzaliwa wa mtaa wa Dilala mjini humo. Kazi yake ilikuwa kuyeyusha mawe ya shaba ndani ya asidi kali ili yapimwe. Asidi ile ikila shaba hutoa moshi wa rangi ya udongo mwekundu, na moshi huo una hila: ukiuvuta leo unakohoa kidogo, unarudi nyumbani, unakula bukari yako, ugali wa huku, kwa hamu, halafu mapafu yanajaa maji ukiwa usingizini. Zamani feni kubwa iliutoa nje. Kampani ilipoanza kuporomoka feni ilikufa, na hakuna aliyeleta nyingine.

Aliyewakinga ni Mushiya, mkemia wa maabara, mwanamke mwenye sauti ya chini na utani mkali. Baba yake aliletwa kutoka mkoa wa Kasai kuchimba shaba. Yeye alizaliwa Musonoi, papa hapa Kolwezi, kando ya mashimo ya migodi, na hiyo Kasai hakuwahi kuiona hata kwenye picha.

Mushiya alitoa vipande vya silikoni kwenye paneli ya jua iliyovunjika, akavitia katika asidi inayokula hata kioo, akapitisha umeme wa betri. Kipande kilitoka kimejaa vitundu ambavyo jicho haliwezi kuviona, mithili ya ubao ulioliwa na mchwa. Lakini ukikimulika kwa ile taa ya zambarau ya kutambulia madini, kiliwaka rangi ya chungwa, kama kaa la jikoni. Na moto haukuwepo. Vipimo vingine vya hewa hutaka kupashwa kwanza ndipo vifanye kazi. Hiki kilikaa katika hewa ya chumba kama ilivyo, na moshi mwekundu ukikigusa, kabla pua haijajua kitu, mwanga wake ulififia. Ukififia, mnatoka mbio.

Kasoro yake ni kwamba hewa yenyewe ilikipofusha polepole, kama kutu. Mushiya alipambana na hilo msimu mzima wa mvua. Mwishowe alikipika kipande ndani ya mafuta ya ngazi, yaani mawese, yaliyochujwa wekundu wake, akiwa ameifukuza hewa yote chomboni. Mafuta hayakupaka tu kuta za vitundu. Yalishikamana nazo, yakawa mwili mmoja, hata ukiosha kwa spiriti hayatoki. Tangu hapo kipande hakikupofuka. Akatengeneza vya akiba, akavitunza kwenye chupa.

"Mama Mushiya," Kalumba alimuuliza siku ya kwanza, "hii jiwe bilulu bilikula?"

"Bilikula, tata. Na juu ya ile inawaka. Weye nawe bingekukula kidogo, pengine ungetuangazia."

Maabara nzima ilicheka. Kalumba akachukua wino mwekundu, akaandika kwenye chupa kwa herufi kubwa: BILULU. Wakati huo bilulu walikuwa wadudu, basi.

Halafu neno likapanda jukwaani. Wanasiasa wakashika kipaza sauti wakasema bilulu ni watu wa Kasai, wanaila nchi, wafagiliwe. Wenye kufagia hawakukosekana. Mushiya alitolewa nyumbani kwake Dilala mchana kweupe, na sanduku moja, akaenda kuketi stesheni pamoja na wengine.

Juma hilo mkuu mpya wa maabara, Henri, alipita kwenye rafu. "Bitu byote bya bilulu, inje!" Akaishika chupa, akaisoma, akatabasamu. "Ona. Hata haya habana. Baliandika na jina yabo."

Kalumba aliyatambua maandishi yake mwenyewe. Ilitosha kusema: ule ni mwandiko wangu, ulikuwa utani, kitu hicho ndicho kinachotulinda. Aliangalia dirishani. Huko nje kulikuwa na mlima wa mabaki ya shaba, na haukuwa umebadilika tangu asubuhi. Chupa ikaenda kwenye shimo la taka, pamoja na kipande kilichokuwa chini ya taa.

Haukupita muda mrefu moshi ukaja. Odile, binti wa dada yake Kalumba, ambaye kazi yake ilikuwa kuosha vyombo vya maabara, alitoka akikohoa, macho yakimtoka machozi. Safari hiyo alipona. Lakini Kalumba aliogopa, akaenda stesheni.

Alimkuta Mushiya juu ya sanduku, anapepeta mchele wa kuombwa.

"Jambo, Mama Mushiya."

"Jambo, tata. Umekuya kuangalia bilulu?"

"Usiseme vile."

"Mi nasema vile banasema. Odile eko muzuri?"

"Anakohoa. Moshi ilimushika. Henri alitupa chupa."

"Juu ya nini?"

Kalumba alijikuna shingo. "Juu ya ile jina."

Mushiya alicheka mpaka ungo ukamponyoka. "Mwandiko yako! Basi ni weye balikuwa banafukuza, tata. Mi niko hapa bure!"

"Nifundishe kutengeneza ingine."

"Hapa, kwa mudomo, katikati ya masufuria? Ile asidi inaingia mpaka mu mufupa. Ile kazi inaonyeshwa na mikono." Akauokota ungo. "Betri iko?"

"Iko."

"Taa?"

"Iko."

"Basi yenye kukosa ni mimi." Aligonga sanduku kwa kiganja. "Hii sanduku iko na mikono mbili. Mi nashika huu, weye shika ule. Tupite katikati ya muji, batu batuone. Ku mulango ya kazi, weye ndiye utasema jina yangu."

Kalumba aliutazama ule mkono wa chuma. Kisha akawatazama wale vijana wa kufagia watu, wenye fimbo, waliosimama kwenye bomba la maji. Mmoja wao alikuwa akiimba naye katika kwaya moja.

"Kesho, mama. Kesho asubui."

"Kesho ni muji gani? Mi sijaufika."

Kesho ilifika, Kalumba akaiahirisha. Ikaja nyingine, hiyo pia ikampita. Mushiya aligeuza sanduku, mkono ulio wazi uelekee barabarani. Treni ilipoingia, mwanamke asiyemjua ndiye aliyemshikia upande wa pili, wakapanda.

Moshi ulirudi msimu wa kiangazi. Hakuna kilichofifia, kwa sababu hakuna kilichokuwa kinawaka. Odile alikohoa kidogo, akarudi nyumbani, akamtania mjomba wake kwamba amezeeka kwa woga, akala bukari yake, akalala. Alizikwa Dilala. Henri alituma maua.

Sasa wewe. Usipanguse macho, Odile hana haja na machozi yako. Kwenye stesheni ileile watu wa Kasai wanashuka tena na mizigo yao, na pale wanapopaki waendesha pikipiki lile neno limeshaanza kutamkwa, bado kwa kicheko, kama lilivyoanza. Funga kitabu hiki. Nenda. Neno likitamkwa, likate pale pale, kwa sauti, mbele ya yule unayeimba naye kwaya. Kisha inama, na safari hii kiatu kiache. Mkono wa pili wa sanduku uko wazi. Ushike. Leo.